King'ora cha Mikate

Visiwa vyetu ni vitatu na king'ora ni kimoja. Kiko juu ya paa la bekari yetu, na tangu niolewe hapa kazi yake ni moja tu, kusema mkate umetoka. Mume wangu anatoa mikate tanurini, anabonyeza, mji mzima unakuja na vikapu. Hata paka wanakuja.

Jioni moja jeshi likamtuma sajini. Akasimama katikati ya unga wetu na mabuti yake, akasema kuanzia sasa king'ora ni cha hatari. Kikilia, watu wajifungie ndani, walale chini ya vitanda. Tangazo ameshalibandika.

"Na nani hapa anasoma matangazo?" nikamuuliza.

"Mama, wewe uza mikate."

Haya. Mimi ni nani?

Asubuhi yake nilipofungua dirisha, bahari imejaa meli. Sikuogopa. Nilijishangaa tu kwamba siogopi. Meli zilikuwa zinashusha boti bapa zenye mlango mbele, na boti zinakuja pwani taratibu, hazina haraka. Mume wangu alitazama mara moja, akarudi kwenye tanuri. Mikate ilikuwa bado ndani.

Mimi nilimfikiria dada yangu mkubwa. Aliishi na mama mtaa wa chini, karibu na gati, na kila siku ya Mungu yeye ndiye wa kwanza kwenye foleni. Watu walimwita Mkurugenzi. Akikuta mtu mbele yake, weee, siku hiyo hapakaliki. Nikajisemea, alimradi abaki ndani. Abaki ndani tu.

Sajini akaingia mbio, kofia hana. "Bonyeza!"

"Usibonyeze," nikamwambia mume wangu. "Watatoka."

"Bonyeza, nimesema!"

Mume wangu ni mtu wa kutii. Akafuta mikono, akabonyeza.

Wakatoka. Milango yote ya mtaa ilifunguka, na vikapu vikatangulia. Dada mbele, na gauni la nyumbani, anatembea katikati ya barabara kama kainunua. Meli ziko nyuma yake na hageuki. Nilimrukia mume wangu, nikamtoa mkono kwenye kile kitufe, king'ora kikakata pumzi. Nikakimbilia mlangoni.

"Rudini! Vita hivyo! Rudini ndani!"

Wakanitazama. Vita wamevisikia redioni miezi mingi, na mkate wanaula kila siku. Basi nikaona niseme kitu watakachokielewa upesi.

"Mkate hakuna! Umekwisha!"

Kosa gani hilo, jamani. Tangu jeshi lije, wakubwa walikuwa wanachukua mikate kwa mlango wa nyuma, na "umekwisha" kwa watu wetu maana yake ni kwamba imebaki michache na inafichwa. Wakaanza kukimbia. Dada akakaza mwendo asipitwe.

"Umekwisha vipi," akaniambia, yuko karibu hivi, namwona na jasho puani, "na harufu naisikia mpaka huku? Usinifanye mtoto!"

Kombora likaanguka pale.

Sina la kuongeza juu ya hapo. Nilimfunika na gunia la unga. Lilimfika magotini, nikaenda kuleta la pili. Nakumbuka nilichagua lililo safi.

Baadaye wale wageni wakapanda mtaa wetu, wamelowa mpaka kifuani, vijana tupu. Mmoja alijishika ukutani akatapika maji ya chumvi. Sajini alikuwa ameshanyoosha mikono juu, kule stoo. Hakuna aliyetusemesha. Mume wangu akafungua tanuri, akatoa mikate kwa sababu ingeungua, akanitia mmoja mkononi.

"Mpelekee mama."

Tumeoana siku nyingi, lakini sijui kama aliwahi kuniambia neno zito kuliko hilo. Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kumshika. Nikatoka.

Mama alikuwa mezani. Dirisha limevunjika, vioo vimejaa sakafuni, na yeye ameketi wima, mikono juu ya meza.

"Mama, Dada amekufa."

Nilingoja apige ukunga, nami nipate pa kuanzia. Hakupiga.

"Kaa," akasema. "Una vioo kwenye nywele."

Akavitoa kimoja kimoja, akaviweka kwenye kisosi. Halafu akavuta mkate, ulikuwa bado wa moto, akachukua kisu. Akakata ile ncha iliyokauka vizuri, akaiweka kwenye sahani peke yake, akaisogeza upande wa kiti kitupu.

"Hiyo usiiguse," akasema. "Anaipenda."

Kisha akanikatia changu. Nikala. Nilikuwa na njaa, Mungu anisamehe, nilikuwa na njaa sana.