Utumbo Wangu Ulipokwenda Harusini

Jana mchana, baada ya wali na mchicha wa nazi, nilijinyoosha mkekani nikaota utumbo wangu umetoka nje, umekaa barazani na unakunywa kahawa.

Sikushtuka sana. Tulikwisha kuzoeana. Mimi Mwinjuma ni mpuliza besi, lile tarumbeta kubwa kuliko yote katika kikundi chetu hapa Muheza, na miaka ishirini ya kupuliza imenipa sifa, mashavu, na uvimbe wa kinenani wenye ukubwa wa chungwa. Nikisimama unatoka, nikilala unarudi. Dokta Mrutu wa hospitali ya wilaya aliniambia hiyo ni ngiri: ukuta wa tumbo umelegea, umefanya tundu, na utumbo unachungulia. Mizizi haisaidii, alisema, dawa yake ni kupasuliwa, tena mwezi huu huu. Nikamwambia nitakuja baada ya harusi ya binti yangu Tausi, maana nimeapa kwamba siku hiyo besi napuliza mwenyewe. Hiyo ndiyo sababu niliyompa. Sababu ya pili ni kwamba naogopa kisu kuliko ninavyomwogopa mama mkwe wangu, na mama mkwe nikimwona kwa mbali napita njia nyingine.

Basi uvimbe nikawa naufunga kwa kanga ya mke wangu Sikudhani, naye wiki ya pili sasa anaitafuta na kuwasingizia majirani.

"Shikamoo," utumbo ukaniamkia. Adabu unayo, sitausema vibaya.

"Marahaba. Umetokaje huko?"

"Ulikohoa," ukasema. "Dokta akikwambia kohoa, mimi huwa naitwa. Nikadhani naitwa."

"Kwani mlangoni hakuna mtu?"

"Yupo. Kamwone mwenyewe, mimi namalizia kahawa."

Nageuka. Baraza si baraza tena, ni ua wa makuti, na ua huo ni tumbo langu. Upande wa kulia makuti yameachana, na katikati ya mwanya amesimama mtu wa makamo mwenye sare ya khaki, kaushika uzio kwa mikono miwili, jasho linamtoka.

"Mimi ni msuli wako," akasema bila kunitazama. "Lindo la kinena, upande wa kulia. Unanisukuma kwa besi, unanisukuma kwa kikohozi cha sigara, na unavyojikamua ukiwa chooni, hayo tusiyaseme mbele za watu. Niliomba msaada. Ukaniletea huyu."

Kando yake imesimama kanga ya Sikudhani, imejishika kiuno. Nikaisalimu.

"Chungu changu hakikuhusu, funika chako," kanga ikanijibu.

"Tangu aje anasema hilo tu," msuli akanieleza. "Ndilo aliloandikwa. Ukimfunga anaziba kwa nje, ukimfungua tundu lipo palepale."

"Na ile mizizi ya yule mama wa sokoni? Nimekunywa chupa tatu."

"Ilipita. Ilitusalimu vizuri sana, ikaenda zake."

Hapo besi langu likaingia uani likitembea kwa miguu yake, limepakwa mafuta, limevaa ua la harusi. Halikuniangalia hata kidogo. Liliuendea utumbo, wakakumbatiana.

"Ni ndugu yangu," utumbo ukanifahamisha. "Hukuona? Sote ni mabomba yaliyokunjwa. Twende, tutachelewa harusi."

"Harusi bado wiki tatu," nikasema.

"Kwako," besi likajibu, na ua ukawa ukumbi.

Watu wamejaa. Harufu ya pilau imetanda. Besi linajipuliza lenyewe, utumbo unacheza mbele yake, na kila mlio ukitoka utumbo unavimba kidogo, unasogea kidogo, unazidi kujivuta kutoka kwangu. Wageni wanautunza. Shangazi yangu anaubandika noti kichwani, ananiuliza kama ni wa upande wetu au wa bwana harusi. Nikamwambia ni wa kwetu. Kwa kweli nilijisikia fahari.

Halafu utumbo ukaacha kucheza.

"Mwinjuma," ukaniita kwa sauti nyembamba. "Nataka kurudi, siwezi. Mlango umenikaba shingo."

Nalala chali sakafuni, kama nilivyozoea. Haurudi. Nausukuma kwa kiganja. Umekuwa mgumu, na rangi yake inageuka, inakuwa ya bilinganya. Maumivu yakanipanda mpaka nikatapika pilau ambayo bado sijaila. Besi likanyamaza. Msuli akalia waziwazi, mtu mzima na sare yake. Kanga ikafungua mdomo, ikafikiri, ikasema kwa huruma, "Chungu changu hakikuhusu, funika chako."

Shehe akasimama. "Walii yuko wapi? Baba yake yuko wapi amwozeshe?"

Nasema, "Nipo hapa!" Hakuna anayesikia. Nikaona watu wanainamisha vichwa mmoja mmoja, na nikaona mdogo wangu Kibwana anasukumwa mbele akae kwenye kiti changu, Kibwana ambaye mpaka leo hajui jina kamili la mwanangu. Tausi alikuwa nyuma ya pazia na shela lake. Hakulia. Alikuwa anakitazama kile kiti. Nikaelewa mimi niko wapi na wenzangu wako wapi, na nikaogopa hofu ambayo kisu hakijawahi kunitia.

Ndipo Dokta Mrutu akaingia ukumbini amepanda cherehani, anapiga pedeli kwa utulivu, begani ana kipande cha wavu mweupe.

"Nilikwambia nini, baba?" akasema. "Ikiwa inarudi, tuna nafasi ya kupanga siku. Ikigoma kurudi, ikawa ngumu, ikauma na ukatapika, hapo hatupangi siku. Hapo tunakimbia."

"Huo wavu wa nini?"

"Nikishaurudisha utumbo, wavu nautandaza hapo penye tundu, nashona. Msuli unapata pa kujishikiza. Wiki sita hubebi kitu kizito."

"Nitasikia maumivu?"

"Sindano ya mgongo, miguu inalala. Wewe utakuwa macho unazungumza. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi."

"Na besi?"

"Besi lina wapulizaji. Kile kiti kina mtu mmoja. Unakubali au hukubali?"

Nafungua mdomo niseme nakubali. Sauti haitoki. Nakohoa, nakodoa macho, neno limeganda. Uoga wa miaka umelikalia.

Utumbo, pamoja na kukabwa kwake, ukanitazama kwa masikitiko. "Niachie mimi," ukasema. "Mita sita nzima nishindwe na neno moja?" Ukaingiza ncha mfukoni mwangu, ukatoa simu.

Nikaamka. Jua lilikuwa la alasiri. Nikapeleka mkono kinenani haraka: palikuwa laini, uvimbe umerudi ndani wenyewe. Nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Tausi alikuwa amesimama mlangoni na simu yangu mkononi, na mama yake nyuma yake.

"Baba, nesi wa hospitali yupo kwenye simu. Anasema ulimpigia saa nane ukamwambia unakubali. Amekupangia Jumanne saa moja asubuhi, uende bila kula. Ni kweli?"

Saa nane nilikuwa nakoroma, na Sikudhani ndiye shahidi. Nikaitazama simu. Ilionyesha nimepiga saa nane na dakika kumi, tumeongea dakika nne.

"Ni kweli," nikasema.

"Na besi?"

"Shomari wa kikundi chetu atapuliza. Mimi nitakaa kwenye kiti changu nikuozeshe."

Tausi akapiga magoti mkekani, akaniegemea begani, na nikamsikia anapumua kwa nguvu kama mtu aliyetua mzigo. Kumbe siku zote hizo mwanangu naye alikuwa anaogopa, nami nilidhani naogopa peke yangu. Nikaona aibu, na nikafurahi.

Akajifuta macho, akakumbuka simu. "Anajaza fomu, ana swali moja. Anasema alipokuuliza urefu wako, ulimjibu mita sita."

Nikamwambia amweleze nesi kwamba mimi nina futi tano na inchi nne. Huyo mwenye mita sita nitakuja naye.