Nusu Asilimia

"Rudia, mama, sijakusikia," Divakaran alisema, ingawa alikuwa amesikia vizuri.

Omana, meneja wa benki, aliweka kalamu chini. "Wazee wanaoishi hapa nchini tunawaongezea nusu asilimia juu ya riba ya kawaida. Amana ya anayeishi ng'ambo haipati nyongeza hiyo, hata mwenyewe awe na mvi mpaka kwenye kope. Ni kanuni, siwezi kuipinda."

"Kwa hiyo huyu mdogo wangu atanizidi riba?"

"Kwa kila rupia, ndiyo."

Velayudhan alikuwa amempokea kaka yake kiwanja cha ndege, wakapitia benki kwanza kwa kuwa hufungwa mapema. Alitazama vidole vyake vilivyogandiwa na utomvu wa mpira, kisha kicheko kikamtoka bila kuombwa.

Tangu ujana wivu ulikuwa umemkwama kooni kama mwiba wa samaki. Divakaran alikwenda ng'ambo, Sharjah, akafungua duka la vipuri. Yeye akabaki na kisu cha kugemea, akizunguka alfajiri kwenye miti ya mpira ya watu. Alipombeba mama yao mgongoni kumpeleka hospitali, majirani walimwuliza, "Kaka yako ametuma ngapi?" Hata paa aliloliezeka kwa mikono yake lilisifiwa kwa jina la Divakaran.

"Unacheka nini, Velu?"

"Nakucheka wewe, kaka. Vijisenti vyangu vimeushinda mfuko wako."

"Kwa nusu asilimia."

"Ushindi ni ushindi."

Divakaran hakucheka. Akamgeukia meneja. "Na nikirudi kabisa?"

"Ukirudi kuishi, unatuarifu, tunaibadilisha akaunti. Unakuwa kama sisi."

"Basi jiandae kuibadilisha. Duka nimeshamwuzia mshirika wangu." Akamshika mdogo wake bega. "Nilikuwa natafuta pa kuanzia kukwambia. Umechoka, Velu. Sasa ni zamu yangu kumlisha mama."

Njia nzima ya kwenda nyumbani Velayudhan alitembea mbele, hatua ndefu, akimwacha mwenzake ahangaike na sanduku. Kumwosha mama, kumchana nywele, kumpozea uji kwa kijiko: hayo tu hayakuwahi kutumwa kutoka Sharjah. Hayo yalikuwa yake.

Mama alikuwa barazani. Kumbukumbu zilikuwa zimeanza kumtoroka tangu masika yaliyopita, na kila jioni Velayudhan aliporudi, mama alimwita kwa jina la nduguye. Kila jioni naye alimjibu kwa upole, "Mimi ni Velu, mama."

Divakaran alivua viatu, akainama kugusa miguu ya mama kwa heshima. Mkono wa mama ukampita, ukamshika Velayudhan.

"Divakaran, mwanangu. Umerudi?"

Divakaran aliinua macho akamtazama mdogo wake, akisubiri. Lilikuwa jambo la kumsahihisha mama kwa neno moja tu, kama kila jioni.

"Ndiyo, mama," Velayudhan alisema. "Nimerudi."

"Na huyu mzee ni nani?"

Velayudhan alitazama sanduku la kaka yake.

"Mpe kiti," mama akasema. "Ametoka mbali, anaonekana. Mtilie chai."

Velayudhan aliingia jikoni, akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Kupitia mlangoni alimwona kaka yake akikaa kwenye ukingo wa kiti, mikono magotini, huku mama akimtikisia kichwa kwa adabu na kumwuliza kama kwao mvua imenyesha.