Kiwingu Juu ya Kichwa cha Lavender

Ungemkuta mzee Kimeu barazani kwake Kangundo, saa nne za asubuhi, miwani imemshuka puani na tableti iko magotini, ungedhani anasoma Biblia. Wapi. Alikuwa akimtafuta sungura, na roho yake ilikuwa mkononi.

Usicheke upesi. Huyu ni mtu aliyepima kahawa kiwandani miaka thelathini na moja, na mkulima hakuwahi kumlalamikia hata kwa nusu kilo. Si mtu wa michezo. Mchezo ulikuwa wa mkewe, Mbinya. Uliitwa Kijijini, na ndani yake kulikuwa na kijiji cha nyumba kumi zinazokaliwa na wanyama waliovaa nguo, wanaolima, wanaovua samaki, wanaoombana chumvi na kusengenyana. Mbinya aliuanza alipopatwa na ugonjwa wa figo, kwa sababu kufungwa kwenye mashine ya kusafisha damu saa nne nzima, mara mbili kwa wiki, kunamchosha hata mtu mvumilivu. Kila mara alimwomba mumewe wacheze pamoja. "Baba Munyiva, nimekujengea nyumba humu. Ingia tu uone." Kimeu akawa anasema kesho. Alisema kesho miaka miwili, hadi mwezi wa pili mwaka huu walipomzika Mbinya nyuma ya nyumba, karibu na mstari wa mwisho wa miti ya kahawa.

Mwezi wa nne ndipo alipoingia. Hakujua ni nini kilichomsukuma, labda kimya cha nyumba. Akakuta kweli amejengewa: kitanda, redio, hata kofia kama yake ikining'inia kwenye msumari. Alipotoka nje, sungura wa kike aliyevaa aproni akamkimbilia, na maneno yakajiandika chini ya kioo: "Umekawia, Mwendwa."

Kimeu akavua miwani, akaipangusa kwa shati, akasoma tena. Mwendwa, yaani mpendwa. Kwenye mchezo huo mtu anaweza kumfundisha mwanakijiji namna ya kumwita mwenzake, na huyu sungura, Lavender, alikuwa amefundishwa na Mbinya. Wengine tisa walimwita Bwana Kimeu, kama karani wa benki. Sasa elewa jambo hili. Mbinya alikuwa mke wa kulelewa vizuri; miaka thelathini na minne alimwita mumewe Baba Munyiva mbele ya watu, Baba Munyiva jikoni, Baba Munyiva taa ikizimwa. Neno hilo lingine hakuwahi kulitamka. Alilificha kwa sungura, akangoja mzee aingie alikute.

Basi tangu siku hiyo Kimeu alikuwa anaingia kila asubuhi kwenda kuitwa. Hakuvua samaki, hakulima. Alimtafuta Lavender, akaitwa, akakaa kidogo, akaenda kulisha ng'ombe.

Balaa lilianza mwezi wa sita. Alifungua akakuta kiwanja kitupu mahali palipokuwa na nyumba ya beberu mmoja mnene. Akampigia simu binti yake, Munyiva, msimamizi wa washonaji katika kiwanda kimoja kule Athi River. Munyiva ndiye aliyemwekea mama yake mchezo huo, na yeye mwenyewe alikuwa na kijiji chake.

"Munyiva, hawa watu wa Kijijini huwa wanahama?"

"Eeh, Baba. Wanahama. Anaenda mmoja, anakuja mwingine."

"Wanahama lini?"

"Inategemea."

Inategemea! Mtu wa mizani humwambii inategemea. Usiku huo hakulala vizuri, na asubuhi akatoa daftari la mistari, akaandika majina ya wote tisa waliobaki na tarehe. Munyiva alikuwa amemweleza kwamba baada ya mmoja kuhama zinapita siku tano za amani, halafu kuanzia hapo yeyote anaweza kuonekana akizunguka na kiwingu juu ya kichwa. Kiwingu ni mawazo ya kuhama. Ukimwendea akuulize na umjibu "Baki", anabaki. Usipomwendea, amekwenda.

"Na ni nani huota kiwingu? Yule uliyemkosea?"

"Watu wanabishana, Baba. Wengine wanasema ni yule unamsahau, wengine wanasema ni yule unamtembelea sana."

Jibu hilo lilimtesa mzee kuliko ugonjwa. Akimtembelea Lavender kila siku, je, anamchosha? Asipomtembelea, je, ataona ametupwa? Akajaribu siku moja kumpita bila kumsalimia, akarudi mbio baada ya dakika mbili. Akaacha kwenda Tala siku ya soko. Akakosa sala za jumuiya ya kanisa mara mbili mfululizo, na mwenyekiti akatuma watu waje kuona kama ni mgonjwa. Hakumwambia mtu yeyote sababu, hata Munyiva, kwa maana angeanzia wapi? Mwanamume wa miaka sitini na sita, aeleze kwamba anaitwa jina zuri na sungura?

Munyiva aliona baba yake amezidi kupiga simu, naye kazini kuna kelele za cherehani, basi akamwandikia meseji moja ya kumaliza maswali yote: "Baba, ukiona kiwingu ongea na yeye siku hiyo hiyo. Siku yao inaisha 5 asubuhi. Ikipita hapo anafunga maboksi na huwezi kumzuia, siku inayofuata anaenda." Kimeu akainakili daftarini kwa kalamu nyekundu. Saa tano asubuhi. Aliona ni ajabu kidogo, siku kuisha wakati watu wameshakunywa chai na kurudi shambani, lakini pale mahali bata anavaa tai, nani wa kuuliza saa?

Siku ya kumi na moja tangu beberu kuhama, Jumatano, stima zilipotea tangu saa sita mchana. Kimeu alikuwa na shughuli za ng'ombe tangu asubuhi, akafungua tableti saa kumi na moja jioni, chaji imebaki asilimia nne. Akamwona Lavender kando ya mto. Juu ya kichwa chake palikuwa na kiwingu cheupe, kidogo, kinapanda na kushuka.

Alimpeleka yule Kimeu mdogo wa kwenye mchezo mbio, akagonga mti, akazunguka kisima, akakwama kwenye bustani ya mtu. Asilimia tatu. Mbili. Alikuwa amebakisha hatua chache afike mtoni kioo kilipozimika, akabaki anajitazama uso wake mwenyewe kwenye weusi.

Aliinuka, akavaa kofia. Pale sokoni kulikuwa na kibanda cha kinyozi Bonface chenye sola. Kwa miguu ni nusu saa, angefika kabla hajafunga. Akafika hadi kwenye geti. Hapo akakumbuka daftari. Siku yao inaisha saa tano asubuhi. Basi wasiwasi wa nini? Kesho saa mbili atakuwa kwa Bonface wa kwanza, saa tatu amefungua, ana masaa mawili mazima ya kusema neno moja. Haraka haraka haina baraka, akajiambia, akarudi kukamua. Hata hivyo chakula kilimshinda.

Saa mbili kamili alikuwa amekaa kwenye benchi la kinyozi, waya ukutani. Bonface alikuwa akimnyoa mwalimu mmoja. Tableti ikachukua muda wake, ikawaka saa tatu kasorobo. Kimeu akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Lavender, akafungua mlango.

Ndani palijaa maboksi. Kitanda kimeondolewa, mapazia yameondolewa. Sungura alisimama katikati na aproni yake. "Samahani kwa fujo hii, Mwendwa. Ninahama kesho."

Kimeu akatafuta neno "Baki" kila pembe ya kioo. Halikuwepo. Akampigia Munyiva, na bila salamu akasema, "Umeniambia saa tano. Hata saa tatu haijafika na Lavender amefunga maboksi."

"Saa tano? Baba, nilikuambia tano. Tano ya alfajiri."

"Uliandika asubuhi. Tano asubuhi ni saa tano."

"Tano ya simu, Baba. Saa kumi na moja." Kisha akaona kosa lilipo. "Aki pole. Huku kazini tunasoma hiyo ya simu tu. Sikufikiria."

Mashine ya Bonface ilikuwa imenyamaza. "Mzee," akasema kinyozi, akijifanya anapuliza nywele kwenye kitana, "huyu Lavender ni nani tena? Mama hajamaliza hata mwaka."

Mwalimu akacheka chini ya kitambaa. Kimeu alikuwa amekasirika, na hasira yake haikuwa kwa Munyiva wala kwa Bonface. Jana alisimama getini na kofia kichwani, akaamua kesho. Tena kesho. Akatoka nje na tableti yake, waya ukachomoka, akasimama nyuma ya kibanda penye mitungi ya maji.

"Baba, uko?" Munyiva aliuliza. "Ni mchezo tu. Atakuja mwingine."

"Mama yako alimfundisha kuniita," Kimeu akasema.

"Kukuita nani?"

Akamwambia. Akamwambia pia yaliyobaki, moja baada ya jingine, akitazama ukuta: nyumba aliyojengewa, miaka miwili ya kesho, na kwamba alimwacha Mbinya akizunguka peke yake humo ndani kwa sababu aliona ni mambo ya watoto. Upande ule kelele za cherehani zilipungua. Munyiva alikuwa amesogea mahali.

"Ungeniambia hii mapema," akasema.

"Ningekuambiaje?"

"Si unaweza kumfundisha mwingine neno hilo? Yule bata anaweza kukuita."

"Hapo nitakuwa nimejiita mwenyewe."

Munyiva akasema polepole kwamba njia ziko mbili. Asipofungua tableti kuanzia kesho, Lavender hataondoka. Mchezo haumtoi mtu mpaka ufunguliwe. Atabaki humo, kwenye maboksi, hata miaka kumi. Siku atakayofungua, atakuwa amekwenda. Njia ya pili, yeye Munyiva ana kiwanja kitupu kijijini kwake. Kabla ya kesho anaweza kuingia kwa baba yake, amwalike, na Lavender ahamie kwake.

"Na neno?"

"Neno analibeba. Mtu wa kumwita ndiye sijui, Baba. Wengine wakihama wanasahau watu wa kwanza."

Kimeu alikaa kwenye mtungi uliopinduliwa. Alitamani ile njia ya kwanza, usimlaumu. Tableti ifungwe, iwekwe kabatini kati ya leso za Mbinya, naye ajue tu kwamba humo ndani yuko wa kumwita. Lakini hata kule kabatini sungura angekuwa amekaa juu ya maboksi, na kumwita hawezi. Na Mbinya alikuwa mtu wa kusafiri. Wiki za mwisho aliomba apelekwe kwa dada yake kule Lukenya akaone mashamba, na mzee akasema akipata nafuu.

"Ingia," akamwambia Munyiva. "Mchukue leo. Usingoje kutoka kazini."

Jumapili, baada ya misa, Munyiva alipiga simu. Sauti yake ilikuwa nzito, na Kimeu akajua kabla hajaambiwa. Lavender alikuwa ameshapanga nyumba. Asubuhi alimkuta Munyiva kisimani, akamwita kwa lile neno.

"Nimekaa chini kabisa, Baba," Munyiva akasema. "Na mimi Mama hakuwahi kuniita hivyo." Akalia. Hakuwa amelia kaburini. Siku ile alikuwa akigawa chakula. Kimeu akamngoja mpaka alipomaliza.

"Mtu akitaka kutembea huko kwako, anapita wapi?"

"Nakufungulia sasa hivi. Bonyeza daraja."

Akabonyeza. Daraja lilikuwa refu, na moyo wake ulikwenda mbio kama wa kijana anayekwenda kuposa. Kijiji cha Munyiva kilikuwa na maua mengi, na nyumba ya sungura ilikuwa ya tatu kushoto. Lavender alikuwa nje, anafagia. Akageuka, akamtazama yule Kimeu mdogo na kofia yake, na maneno yakaanza kujiandika herufi kwa herufi.

"Karibu kijijini kwetu, mgeni. Hatujawahi kuonana."

Kimeu akasoma hadi mwisho. Akasogeza tableti karibu, akasoma tena, kwa maana miwani nayo ilikuwa imeingia ukungu.

"Mmeonana?" Munyiva akauliza kwenye simu, bado akivuta kamasi. "Amekuitaje?"

"Vile vile," Kimeu akasema. "Ameniita vile vile."

"Nilijua," Munyiva akasema, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili akacheka. Kimeu akamwacha acheke, akaketi na sungura wake pale nje mpaka saa ya kulisha ng'ombe.