Chumvi ya Mama wa Bibi Harusi

Alhamisi ile ya Januari 2018, mvua ya barafu ilipoanguka Haltom City, meneja wa apatimenti zetu alifunga ofisi saa sita mchana akaenda zake nyumbani. Mlangoni alibandika karatasi. Mimi kusoma niliishia darasa la nne, lakini karatasi ile sikuhitaji kusomewa. Karatasi ya mkubwa anayewahi nyumbani nimeiona kwetu Uvira, nimeiona kambi ya wakimbizi Nyarugusu, na sasa naiona Texas. Maana yake ni moja tu: jitegemeeni.

Ijumaa jua lilichungulia, barafu ikalainika juu juu, jioni ikaganda tena. Jumamosi asubuhi ngazi zetu zilikuwa kioo. Ni ngazi za chuma, ziko nje, vipandio kumi na vinne kutoka pakingi hadi mlangoni kwangu. Hakuna aliyekuja kuzimwagia hata kiganja cha mchanga. Kodi yao, hiyo hawachelewi kuikumbuka.

Na Jumamosi hiyo ndiyo wakwe walikuwa walete mahari ya binti yangu Josiane.

Nitasema ukweli, maana nimezeeka, uongo unanichosha. Nilipofungua mlango nikaiona ile barafu, moyo wangu ulicheka. Wakwe walikuwa wamekwisha fika kutoka Houston tangu Jumatano, wamelala kwa mtu wa kanisa lao mtaa wa pili. Lakini Jumapili lazima warudi, kwa sababu kijana wao Parfait ana zamu ghalani Jumatatu, na ruhusa nyingine ni mpaka Juni. Wasipopanda leo, Josiane ni wangu mpaka Juni. Mke wangu Faustine ana miaka miwili kaburini. Tangu hapo nyumba ile ina sauti mbili tu, ya Josiane na yangu, na yangu ni ya kulalamika.

"Baba, sogea!"

Josiane alitoka na sufuria ya maji ya moto, kitenge amekifunga juu ya koti. Akamwaga. Mvuke ukapanda vizuri, mtu angedhani tunapika. Baada ya dakika chache maji yakaganda, vipandio vikang'aa kuliko madirisha ya benki.

"Sasa umezipiga pasi," nikamwambia.

"Baba, usianze."

Chini, jirani yetu Protais, Mrundi mmoja mcheshi sana, alitoka kuangalia kelele. Hatua ya kwanza alisimama. Ya pili aliketi, akateleza hivyo hivyo kwa makalio mpaka kwenye gurudumu la gari lake.

"Protais! Umeenda kulisalimia gari?"

"Nimelipa pole, mzee Vital! Leo hatuendi popote!"

Saa nne tukasikia nyimbo. Wakwe walikuja kwa miguu, hakuna aliyethubutu kushika usukani. Watu kumi, wote wamevaa soksi juu ya viatu ili wasiteleze, za kijani, za njano, moja ina picha ya bata. Wanatembea kama watu wanaokanyaga mayai, na bado wanaimba. Katikati yao toroli la supamaketi lililokuwa limetelekezwa barabarani, na ndani ya toroli, juu ya gunia, ameketi Bibi Clothilde, nyanya yake Parfait, amejifunika blanketi, mkono juu anapunga. Nyonga yake ilikuwa imefanyiwa upasuaji. Kwenye barafu hatembei.

Gunia lile alilokalia ndilo shida yenyewe, acha nieleze. Kwetu mahari ina mbuzi, ina vitenge, ina suti ya baba. Hivyo anaweza kuvipokea yeyote, popote. Lakini lipo gunia la chumvi la mama wa bibi harusi. Hilo huletwa na mwanamke mkubwa wa upande wa mume, aingie nalo mwenyewe, aliweke jikoni. Lisipofika jikoni hakuna ndiyo. Wengine hapa Amerika wameacha. Mimi nilikataa kuacha. Nilipomuoa Faustine kule kambini, gunia sikuwa nalo. Nilipeleka chumvi ya mgao, kikopo kimoja cha maziwa. Mama mkwe alikipokea, lakini Faustine alinitania maisha yake yote: "Wewe ulinioa kwa kikopo." Basi nikaapa kwamba la Josiane litakuwa gunia zima.

"Baba Josiane!" Bibi Clothilde aliita kutoka chini. "Ngazi umezifunga wewe au Mungu?"

"Meneja, mama!"

"Basi shuka, tumalizie hapa hapa!"

"Chumvi ya jikoni haipokelewi pakingi, mama. Hali ya hewa ndiyo mnaiona. Labda Juni."

Josiane alinigeukia. Alinitazama kama mama yake alivyokuwa akinitazama nikisema sina njaa.

Wanaume walijaribu. Mmoja alitandika maboksi, boksi likaondoka naye. Mwingine alikumbatia reli kama mchumba, akakwama kipandio cha tatu, ikabidi avutwe kwa miguu. Watoto wa jengo zima walikuwa madirishani wanashangilia. Hapo Parfait akavua koti, akalitoa gunia chini ya Bibi, akapiga magoti, akalitanguliza mbele yake. Analisukuma kipandio kimoja, anapanda kwa magoti, analisukuma tena. Watu chini wakaanza kuhesabu kwa sauti. Saba, nane, tisa! Kufika kumi alirudi mpaka nane, wakazomea, akaanza upya. Kumi na nne aliangukia miguuni pangu, jasho linamtoka kwenye baridi ile.

"Angalau chumvi imefika, baba," alisema. "Koko, bibi yangu, tutambeba."

Nikalitazama gunia. Lilikuwa la bluu, na ubavuni lina picha ya mtu ameshika koleo, theluji imemzunguka. Picha ile ninaifahamu. Hotelini ninakofua mashuka, magunia kama hayo hukaa mlango wa nyuma.

"Parfait. Hii umeinunua wapi?"

"Houston, baba. Walikuwa wameyapanga mlangoni mwa duka, makubwa kuliko yote. Nikasema mama wa Josiane hapewi chumvi ya pakiti."

"Mwanangu, hii ni chumvi ya barabarani. Ya kuyeyushia barafu. Mtu akiila anakwenda hospitali."

Kijana akawa kama amemwagiwa maji. Nami, naam, nilikuwa na kila kitu mkononi. Wameleta sumu jikoni kwa marehemu. Baba yeyote angefunga mlango, na wazee wote wangesema amefanya haki. Nilifungua mdomo niseme Juni.

Josiane alikuwa ameingia ndani. Alitoka ameshika kile kikopo. Faustine alitembea nacho kutoka Nyarugusu mpaka Texas, kimeshika kutu ukingoni, na mpaka leo chumvi yetu ya kupikia hukaa humo.

"Baba," alisema, "mama alipewa hiki, akaja kwako."

"Kuna nini huko juu?" Bibi Clothilde akapiga kelele. "Mbona mmenyamaza?"

Protais, mdomo wake hauna mlango, akajibu: "Mama, mjukuu wako ameleta chumvi ya kumwaga barabarani!"

Bibi akacheka, akacheka mpaka toroli likaanza kwenda lenyewe, wakalikimbilia kulishika.

"Kama si ya kula, ni ya kupitia! Baba Josiane, nipitishe basi! Nyonga yangu inaganda!"

Nikakitazama kile kikopo mkononi mwa Josiane. Nikamwambia Josiane amimine chumvi ya kupikia kwenye bakuli, anipe kikopo na kisu. Nikapasua gunia. Nilichota kikopo kimoja, nikakimwaga kipandio cha juu, na kingine cha pili. Barafu ikaanza kulia, tri tri tri, kama mafuta kikaangoni. Nilisubiri, nikakwangua kwa kisigino, nikashuka. Parfait nyuma yangu anaburuta gunia, Protais kutoka chini ananipa maelekezo ambayo sikumwomba. Kikopo kwa kipandio, kumi na nne. Badala ya wakubwa wote walionifungia ofisi, nikawa meneja mimi mwenyewe.

Nilipofika chini nilimpa Bibi Clothilde mkono. "Karibu kwa Faustine, mama."

Tulipanda pole pole, kila kipandio anakigonga kwa fimbo kabla ya kukikanyaga. Jikoni alikiosha kikopo mara tatu, akakijaza chumvi ya kula kutoka kwenye bakuli letu, akakiweka kando ya jiko, pale pale pa siku zote.

"Mama wa bibi harusi, leo ni kikopo," alisema, kama mtu anayeongea na mtu. "Mjukuu wangu nampiga faini. Magunia mawili ya kula, na ajifunze kutazama picha."

"Matatu," nikasema.

"Mawili, mkwe! Ngazi nani amekusafishia?"

Vigelegele vikapasuka. Watu kumi wenye soksi walicheza kwenye sebule yangu, hata bata akacheza, mpaka Protais akapanda kusema taa yake inayumba darini, na alipofika hakushuka tena. Mimi niliimba. Josiane alinishika bega akanong'ona kwamba Houston ni mwendo wa saa nne tu kwa gari. Nikamwambia naijua, na barabara yake ni mbovu. Akacheka.

Jioni tulimwaga iliyobaki kwenye ngazi zote za jengo. Ofisi sikuipa hata punje.

Jumatatu meneja alikuja, anatembea ameshika ukuta, ndoo ndogo mkononi. Akaziangalia ngazi zetu, kavu, nyeupe nyeupe. Akauliza ni nani, na kama imebaki kidogo kwa ajili ya mlango wake.

Nikamwambia ile ilikuwa ya mke wangu. Akitaka, magunia mawili yako njiani kutoka Houston, ila hayo ni ya kula.