Kondoo wa Akika ya Yusra

Mdomo wangu ndio adui yangu, nakwambieni mapema.

Hapa Fumba tuko wanawake watano, tunafuga kondoo katika ua mmoja. Siku kondoo jike wa Mwanakhamis alipoanza kuchechemea, nilipayuka mbele ya wenzangu: "Ugonjwa wa kuoza kwato huo! Mtoe, atatumalizia kondoo wetu!" Na kondoo yule aliwekwa achinjwe kwa akika, sadaka ya kuzaliwa mjukuu wake mchanga, Yusra. Mwanakhamis akaita daktari.

Daktari wa mifugo, binti mmoja anaitwa Khawla, akaja akapitisha pamba baina ya kwato za kila kondoo, yule mgonjwa na wazima.

"Maabara watatafuta vinasaba vya bakteria," alisema. "Majibu siku nne. Msiuze, msichinje."

"Siku nne!" nikamcheka. "Mimi nshafuga miaka ishirini, leo nifundishwe na pamba?"

Alipoondoka nikashikilia kondoo yule atoke siku ile ile. Mwanakhamis hakuwa na pa kumpeleka. Akamchinja kwa aibu, akawagaia majirani nyama. Fungu langu aliniletea mwenyewe katika bakuli lake. Alipogeuka tu, nikawamwagia paka.

Siku ya nne Khawla akarudi. "Kondoo wa Bi Mwanakhamis hakuwa na bakteria yule. Labda alijikata na jiwe. Bakteria tumemkuta kwa kondoo dume wako, Bi Mashavu, na kwa majike wako wawili."

"Mbona dume wangu anatembea vizuri?"

"Anaweza kuwa na bakteria asichechemee, na huku anaambukiza wenziwe."

Toba! Dume yule nilimnunua Mtoni mwezi uliopita, nikamtia uani bila ya kumwambia mtu. Wenzangu wote wakanitazama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nikenda kwa Mwanakhamis na bakuli lake, nimelisugua mpaka linang'ara. Akika ilikuwa keshokutwa. Njia nzima nawaza nimpe kondoo gani, na Khawla kawafungia wote, hatoki hata mmoja mpaka watibiwe.

"Nisamehe, Mwanakhamis. Nimekukosea, na sina hata kondoo wa kukulipa."

Akapokea bakuli. "Nshakusamehe. Tutasubiri, mtoto hakimbii." Akaligeuza geuza mkononi. "Nilikuchagulia paja. Lilikuwa laini?"

Mdomo huu huu. Nikamjibu lilikuwa laini sana.