Boma Lilipotimiza Miaka Kumi na Minane

Usiku wa jana niliota boma la zahanati yetu limekuja kwangu kuniomba nilipeleke kupiga kura.

Kwa msiokijua kijiji chetu, boma ni kuta tupu. Wananchi tulichimba msingi, tukabeba mawe kutoka mtoni, tukafyatua matofali, tukapandisha ukuta hadi kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha. Serikali ikasema hapo mmefika, bati tutaleta sisi. Sasa ni miaka kumi na minane. Ndani ya chumba cha kujifungulia umeota mparachichi, na mwaka huu umezaa vizuri.

Basi boma limesimama mlangoni, nondo zimetokeza juu kama kawaida yake, na kwenye dirisha la mbele limechomeka kadi ya mpiga kura. Picha kwenye kadi ni yake.

"Shikamoo, Mama Devota."

"Marahaba. Kadi umeipata wapi?"

"Waliandikisha waliotimiza miaka kumi na minane. Nikaenda."

Sikuona la kushangaza, sheria ni sheria. Nikajitanda khanga. Skola, mke wa mwanangu, nilimwacha amelala. Mimba yake imetimiza miezi tisa na mtu wa hivyo hupangi naye foleni.

"Shida yangu," boma likasema njiani, "wagombea urais wako watatu, na sijui niwalinganisheje. Nina swali moja tu."

"Lipi?"

"Bati lini."

Nikaliambia linatosha. Mimi mwenyewe nimekuwa nalo swali hilo tangu sina mvi.

Tulikuwa barabarani, lakini sasa tumo jikoni kwangu, na foleni ya wapiga kura inapita kati ya mafiga. Kitongoji kizima kipo, kimevaa fulana na kofia za kampeni za miaka yote. Mzee Kaduma, jirani yangu, amevaa fulana tatu za vyama vitatu, moja juu ya nyingine, anasema ni kwa ajili ya baridi. Hakuna anayelishangaa boma. Mama mmoja tu amegeuka na kuliomba lisimsukume.

Msimamizi wa kituo ni ile mizani ya soko la viazi, ambayo kijiji kizima tunajua inapunja. Imevaa koti na tai.

"Kila mgombea ameleta msimamo wake kwenye gunia," ikatangaza. "Mnaruhusiwa kulinyanyua, kulipapasa na kuliuliza. Kulifungua ni baada ya uchaguzi."

"Na nikifungua nikakuta sivyo?" nikauliza.

"Unasubiri uchaguzi mwingine."

Jikoni hakupo tena, tuko sokoni kando ya lami. Mbele yetu yamesimama magunia matatu, yote lumbesa, yaani yamejazwa hadi kupita mdomo, na juu yameshonewa kofia ya kamba ili yasimwagike. Mimi nimeshona lumbesa miaka ishirini na saba. Mnunuzi anatuonea kwa kujaza kupita kiasi, nasi tunamkomoa kwa kupanga viazi vikubwa juu na vidogo chini. Anajua, nasi tunajua kwamba anajua. Hivyo ndivyo tunavyoishi.

Boma likaliendea gunia la kwanza.

"Bati lini?"

"Ndani ya siku mia moja," gunia likasema kwa sauti ya redio.

"Zinaanza lini?"

"Zikianza mtatangaziwa."

La pili lilikohoa kwanza. "Suala la bati liko kwenye mchakato. Upembuzi yakinifu unaendelea."

"Wanapembua nini?"

"Kama kuna haja ya paa."

Parachichi moja likadondoka ndani yake, tukalisikia wote.

Gunia la tatu lilisema halitaki kutudanganya kama wenzake. Lenyewe litatuletea bati.

"Lini?"

"Hilo ni swali zuri sana," gunia likasema.

"Haya, mmeshalinganisha," mizani ikasema. "Pigeni kura, wenzenu wanasubiri."

Boma likanigeukia. "Mama Devota, wewe umepiga kura mara nyingi. Uliwapa akina nani?"

"Niliwapa waliosema bati."

"Na walioshindwa walisema nini?"

"Walisema bati."

Kusema kweli hapo nilipandwa na hasira. Nikachomoa kisu cha kukatia kamba. Mizani ikaniambia, mama, hilo ni kosa la jinai. Nikaijibu inipeleke tu, jela ina paa. Nikakata kofia ya gunia la kwanza. Juu viazi vitano vikubwa, vimeoshwa vikang'aa. Chini yake majani makavu ya mahindi hadi mwisho. La pili vilevile.

La tatu nilipolishika, nikaliona fundo. Kamba inazungushwa mara mbili, halafu ncha inarudishwa chini na kufichwa. Fundo hilo alinifundisha mama yangu, nami nikamfundisha Devota, na kijijini hakuna mwingine anayefunga hivyo. Nikarudi kuziokota kamba nilizokata. Fundo lilelile.

"Ni wewe umeshona," boma likasema. Halikusema kwa ubaya.

"Ulitaka washone wao?" mizani ikasema. "Wao hawajui hata kushika sindano. Wanakuja na gunia la majani, mnawapikia wali, mnawaimbia, mnapokea khanga, mkimaliza mnawashonea vizuri juu."

Sandukuni nina khanga tatu za kampeni. Ya pili nilipewa siku waliposema bati, nikacheza mpaka nikapoteza kiatu. Ndiyo niliyomfunga Devota mwanangu miaka minne baadaye, uchungu ulipomshika, tukampakia kwenye pikipiki kwenda kituo cha afya cha kata ya jirani. Kwenye kona ya pili aliomba tusimame apumzike. Tukasimama, na hapo ndipo aliponifia. Watu bado wananiita Mama Devota, na mimi bado naitika.

"Aliniletea jiwe," boma likasema. "Alikuwa darasa la kwanza, alilibeba kichwani. Liko chini ya dirisha la chumba cha kujifungulia. Ni dogo, lakini halijatikisika."

Kisha likaingia nyuma ya pazia. Lilipotoka, likainamisha nondo moja, likaichovya kwenye wino.

"Umempa nani?" nikauliza.

"Kura ni siri, mama."

"Hata kwangu?"

"Hasa kwako."

"Mama," nikasikia naitwa. "Mama, amka. Chupa imepasuka."

Alikuwa Skola, ameshika mlango kwa mikono miwili. Nje kulikuwa kumeanza kupambazuka. Mwanangu akapiga simu, pikipiki ikaja, tukapanda mshikaki, dereva mbele, Skola katikati, mimi nyuma nimemkumbatia.

Uchaguzi ni Jumatano ijayo. Wino haujafika hata wilayani.

Tulipopita kwenye boma, ukungu ulikuwa chini na kuta zilionekana vizuri. Pale juu ya dirisha la mbele kuna nondo nne. Moja ncha yake ilikuwa ya zambarau, mbichi, na tone moja lilikuwa limechuruzika hadi kwenye lenta.

Skola akafumbua macho, akaona ukuta na dirisha.

"Mama, tumefika?"

"Bado, mwanangu."

"Si ndiyo zahanati hii?"

Nikamvutia khanga mabegani. Ni ya mwaka huu, waliigawa wiki iliyopita, na niliimba. Kisha nikamwambia dereva kwamba tukifika kona ya pili asisimame, hata tukimwomba.