Bango la Ghorofa ya Pili

"Bango halishuki, Angustias! Labda unishushe na mimi pamoja nalo!"

"Ukishuka wewe ndiyo heri kabisa! Mwaka wa pili huu sioni barabara. Nikifungua dirisha namwona Araceli tu na raketi yake."

Araceli ndiye mimi. Nilikuwa nimesimama kwenye ngazi chini yao, nimeegemea magongo, nikiwasikiliza majirani wakinigombania kama kiwanja cha urithi. Mzee Eutimio, mstaafu wa bandari ya hapa kwetu Huelva, alilitundika bango lile nilipotwaa ubingwa wa Ulaya, tena kwenye roshani ya Bi Angustias bila hodi. Kabla ya hapo, nikisema nacheza mpira wa vinyoya, yaani badminton, watu waliniuliza kama ni ule mchezo wa raketi za mbao wa ufukweni.

"Limepauka, hata pua yake haionekani!"

"Akirudi uwanjani tutashona jipya."

"Arudi kwa goti lipi, Eutimio?"

La kulia lilikuwa limekatika kano mara mbili. Mara ya pili ilikuwa Denmark, nikiongoza. Nilisikia mlio mdogo, kama kijiti kikavu kikivunjika, nikaanguka. Mpinzani wangu akapita chini ya wavu, akanishika mkono. Na pale sakafuni, kabla maumivu hayajafika, kitu kikanilegea kifuani: kumbe basi, imekwisha.

Nilikionea aibu kitu hicho. Nikakificha miezi yote ya kulifundisha goti kukunja upya, kwa ajili ya Mama, aliyenilea peke yake na kunipeleka mazoezini kabla hakujapambazuka. Nikiacha, nilijua, nitakuwa nimemvunja yeye.

Nikapanda hadi mlangoni kwetu, walipokuwa wakibishana.

"Lishusheni," nikasema. "Sirudi tena."

Mzee Eutimio akavua kofia. "Binti, umechoka tu leo."

"Si leo, mzee."

Mlango ulikuwa wazi. Mama alikuwa amesimama pale na aproni yake, mikono imelowa.

"Umesemaje?"

"Nimeacha, Mama."

Akakaa chini, hapohapo kizingitini, akajifunika uso. Mabega yakamtikisika. Nikainama kadiri goti lilivyoniruhusu, nikaona kwamba anacheka, machozi yakimchuruzika.

"Mungu ashukuriwe! Tangu ulipoumia mara ya kwanza sijatazama mechi hata moja. Naingia bafuni, nafungulia maji, namngoja Angustias, anayetazama kwake, agonge ukuta. Mara moja, umeshinda. Mara mbili, umeshindwa."

"Ile ya Denmark sikugonga," Bi Angustias akasema polepole. "Mkono ulikataa."

"Mbona hukuniambia, Mama?"

"Ningekuambiaje, nawe unaupenda mchezo wako namna ile?"

Tukatazamana kama wezi wawili waliokutana kwenye dirisha moja. Sijawahi kuwa mwepesi kama siku ile, hata nilipokuwa na magoti yote mawili.

Mzee Eutimio alikuwa ameshaanza kushuka ngazi, kichwa chini.

"We Eutimio!" Mama akaita, akijifuta macho kwa aproni. "Unakwenda wapi na uso huo? Kuna ngisi kwa maharage, sufuria nzima. Rudi, ingia ule."